Beki kijana hapotei Juni, hupotea Januari

Mhariri,

Kila msimu ukikaribia ukingoni, kurasa za michezo hujaa habari za beki kijana anayegoma kusaini mkataba mpya. Mashabiki nao huanza kurushiana maneno: huyu anamwita mchezaji msaliti, yule anauita uongozi bahili. Naomba nafasi niseme kwamba wote wawili wanagombania maiti. Beki anayeondoka bure mwezi wa 6 alikuwa ameshapotea siku nyingi, na aliyempoteza mara nyingi ni kalenda, wala si mshahara.

Kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji zinasema mchezaji wa kulipwa yuko huru kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukiisha, au ukibakiza miezi 6. Klabu inayomtaka inatakiwa kuiarifu klabu yake kwa maandishi kabla ya kuanza mazungumzo. Kwa hiyo mkataba unaoisha tarehe 30 Juni unafungua mlango tarehe 1 Januari. Kuanzia siku hiyo klabu ya ng'ambo inaweza kumsainisha mkataba wa awali, naye akaendelea kuvaa jezi yenu miezi 6 huku ameshaagana nanyi moyoni. (Uhamisho wa ndani ya nchi husimamiwa na kanuni za shirikisho husika, na baadhi huchelewesha tarehe hiyo. Anayejadili mkataba asome zote mbili.)

Hesabu basi ianzie nyuma. Mkataba ukibakiza miezi 24, benchi la ufundi na idara ya fedha wakae pamoja waamue kama huyu ni beki wa kujenga naye timu. Ukibakiza miezi 18, ofa ya kwanza ya maandishi iwe mezani. Ukibakiza miezi 12 bila saini, uongozi uchague: kumuuza dirisha hilo hilo la usajili, au kumbakiza kwa kujua kwamba huenda akaondoka bure. Ndivyo Lille walivyofanya kwa Leny Yoro mwaka 2024. Beki huyo wa miaka 18 alikuwa amebakiza mwaka mmoja, wakamuuza Manchester United Julai kwa ada iliyoripotiwa kuwa euro milioni 62. Wenzao hawakubahatika hivyo. Tanguy Kouassi alitoka Paris Saint-Germain kwenda Bayern Munich mwaka 2020 bila ada ya uhamisho, akiwa na miaka 18. Eric García alikataa kuongeza mkataba Manchester City, akamalizia mwaka wake, kisha akaenda Barcelona bure mwaka 2021 akiwa na miaka 20.

Kabla ya fedha, viongozi wa klabu, jueni mnachokinunua. Beki ni mchezaji mgumu kupimwa kwa takwimu, na hapa ndipo wakala mjanja anapowafunga kamba wakurugenzi. Ataleta karatasi yenye idadi ya mipira aliyonyang'anya na pasi alizozikata. Lakini beki wa timu inayoshambuliwa dakika 90 atanyang'anya mipira mingi hata akiwa wa kawaida, na beki wa timu inayomiliki mpira asilimia 65 atakuwa na namba ndogo hata akiwa bora kuliko wote. Takwimu hizo ziwekwe sawa kwanza kwa kuangalia muda ambao wapinzani walikuwa na mpira. Zaidi ya hapo, kunyang'anya mpira kwa kuteleza chini mara nyingi ni dalili kwamba beki alikosea kusimama sekunde tatu kabla. Beki mzuri hachafui kaptula sana.

Tazameni mechi zisizopungua 10 nzima, si vipande vya mtandaoni, na nusu yake ziwe za ugenini au dhidi ya timu zinazokaba kwa nguvu kuanzia juu. Msifuate mpira, mfuateni yeye. Je, anageuza shingo kutazama mshambuliaji yuko wapi kabla ya krosi kupigwa? Mstari wa ulinzi ukipanda, anapanda nao au anabaki nyuma na kuwavunjia wenzake mtego wa kuotea? Akipokea pasi ya kipa huku amebanwa, mguu wake wa kwanza unaelekeza mpira mbele au unaurudisha kwa kipa? Kosa likitokea, tofautisheni kosa la uamuzi na kosa la kasi. La uamuzi hupungua umri ukisogea, maana mabeki wa kati huchelewa kukomaa kuliko mawinga. La kasi halitibiki kwa mkataba wa miaka minne.

Angalieni pia anacheza pembeni ya nani. Kijana anayeonekana mtulivu akiwa na mkongwe anayempigia kelele dakika zote anaweza kuyumba mkongwe akistaafu. Kama mna mechi tano au sita alizocheza bila mwenzake wa kawaida, zitazameni hizo mara mbili.

Kwenye afya, msiulize tu ameumia mara ngapi. Ulizeni jeraha gani limejirudia. Misuli ya nyuma ya paja iliyokwisha kuchanika ina hatari kubwa zaidi ya kuchanika tena, na beki wa pembeni anayeishi kwa mbio za ghafla huathirika kuliko wa kati. Hesabuni siku alizokosekana mazoezini kwa miaka miwili, si mechi peke yake, kwa sababu mchezaji anaweza kucheza Jumapili huku wiki nzima hajafanya mazoezi na wenzake. Vipimo vyote vifanyike kabla ya saini. FIFA hairuhusu uhalali wa mkataba kutegemea matokeo ya vipimo vya afya au kupatikana kwa kibali cha kazi, kwa hiyo klabu inayosaini leo ikapanga kupima kesho imeshafungwa.

Sasa fedha. Kosa la kawaida ni uongozi kulinganisha mshahara anaoutaka na ule anaolipwa, badala ya kuulinganisha na gharama ya mbadala wake. Tuseme analipwa 60 kwa mwaka (kwa kipimo chochote cha fedha) na anataka 130. Ongezeko la 70 linatisha. Mbadala wa kiwango hicho hicho sokoni ana ada ya 400, ambayo kwa mkataba wa miaka minne ni 100 kila mwaka kwenye vitabu vya hesabu. Mshahara wake ni 110. Wakala anachukua 40, sawa na 10 kwa mwaka. Jumla 220. Kijana wenu ni 130, fedha ya kusaini 80 ikigawanywa kwa miaka minne ni 20, wakala 10: jumla 160. Pengo ni 60 kwa mwaka, 240 kwa mkataba mzima, na hapo hujahesabu miezi ambayo mgeni atatumia kuzoeana na kipa na kujua nani anatoka kukaba na nani anabaki. Tena aliyekulia akademi yenu hana thamani ya kununuliwa vitabuni, kwa hiyo akiuzwa baadaye karibu ada yote inaingia kama faida.

Hesabu hiyo haimaanishi mlipe hadi 190 kwa kuwa bado ni chini ya 220. Chumba cha kubadilishia nguo kina masikio. Kijana wa miaka 20 akiruka juu ya nahodha kwa mshahara wa msingi, wiki ijayo kuna watu wanne mlangoni kwa mkurugenzi wa michezo. Njia nzuri ni kuinua mshahara wa msingi hadi pale wenzake wa daraja lake walipo, kisha kuweka ngazi: akifikisha mechi 20 za kuanza, mshahara unapanda, akifikisha 45, unapanda tena. Hapo anayelipwa kama beki wa kikosi cha kwanza ni yule ambaye kweli ni beki wa kikosi cha kwanza.

Ngazi hizo ndizo zinazozaa kesi nyingi, kwa hiyo neno kwa neno. "Mechi" ni ipi? Ya ligi tu, au na vikombe? Ya kirafiki je? "Kucheza" ni kuanza, kucheza dakika 45, au hata kuingia dakika ya 88 kupoteza muda? Akiwa kwa mkopo, mechi za huko zinahesabika? Akiumia akiitumikia timu ya taifa, hesabu inasimama? Na uandike kabisa kwamba klabu haitamzuia kucheza kwa nia ya kukwepa ngazi. Sote tumeona mchezaji aliyebakiza mechi moja tu kufikia bonasi akigeuka ghafla kuwa "majeruhi" mwezi wa mwisho wa msimu. Akienda kwenye usuluhishi na rekodi za mazoezi zinaonyesha alikuwa mzima, klabu italipa bonasi pamoja na riba.

Bonasi ya kutoruhusu bao mimi siipendi kwa beki mmoja mmoja. Bao linaweza kuanzia kwa kiungo aliyepoteza mpira katikati, na beki akalipa. Ipeni safu nzima ya ulinzi pamoja na kipa, kiwango kimoja kwa wote, au muiache.

Muda wa mkataba una mipaka yake. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kusaini zaidi ya miaka 3, na mwaka wa nne ukiandikwa hautambuliwi. Kuanzia miaka 18, ukomo ni miaka 5, isipokuwa sheria ya nchi inaruhusu zaidi. Kwa beki wa miaka 19 au 20 ningeandika miaka 4 na kikao cha kupitia maslahi baada ya mwaka wa pili, tarehe ikitajwa. Mitano inaonekana usalama, lakini akikua haraka atahisi amefungwa minyororo mwaka wa tatu na mtarudi mezani kwa hasira. Asipokua, mtabaki na mshahara usiouzika. Mitatu ni hatari zaidi: baada ya msimu mmoja tu mmebakiza miezi 24, yaani mnaanza upya kabla wino haujakauka. Ijulikane pia kwamba kipindi cha ulinzi, ambacho ni misimu mitatu au miaka mitatu kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, huanza upya mkataba unapoongezwa muda. Ndani ya kipindi hicho mchezaji anayevunja mkataba bila sababu halali hukabiliwa na adhabu ya kimichezo pamoja na fidia. Hiyo ni faida ya klabu inayoongeza mapema ambayo haisemwi sana.

Viongozi wengi hukimbilia kipengele cha klabu kuongeza mwaka mmoja peke yake bila kumuuliza mchezaji. Msikitegemee sana. Vyombo vya usuluhishi vya FIFA na Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) vimekuwa vikiviangalia vipengele vya upande mmoja kwa jicho la shaka, hasa vinapomfunga kijana kwa mshahara ule ule wa zamani. Kikiandikwa, kitumike mara moja tu, kiwe na tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa iliyo mbali na mwisho wa mkataba, na mshahara wa mwaka huo utajwe ukiwa umepanda wazi. Kisha mtu mmoja ofisini apewe jukumu la tarehe hiyo. Barua ikichelewa siku moja, kipengele kimekufa.

Kipengele cha kuachiwa, yaani kiasi ambacho klabu nyingine ikilipa mchezaji anaachiwa aende, ndicho wakala wake atakidai kwanza, na si lazima kiogopwe. Kijana anayejua mlango uko wapi husaini haraka. Cha msingi ni kuuandika mlango wenyewe: kiasi, dirisha lipi, tarehe ya mwisho ndani ya dirisha (wiki mbili za mwanzo, ili mpate muda wa kutafuta mbadala), kinalipwa kwa mkupuo au kwa awamu, na kiasi hicho ni kabla au baada ya kutoa mchango wa mshikamano. Mchango huo ni asilimia 5 ya ada, unaokatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kati ya mwaka aliotimiza miaka 12 na ule wa miaka 23. Kikiandikwa kiasi tu bila maelezo, siku ya kulipana mtabishana juu ya hiyo asilimia 5. Kama mlimchukua klabu ndogo kwa ahadi ya kuwapa sehemu ya mauzo ya baadaye, hiyo nayo itoeni kwanza kabla ya kupanga kiasi.

Kuna chombo kingine kizuri ambacho klabu nyingi haziutumii uwezo wake. FIFA inapiga marufuku watu wa nje kumiliki haki za kiuchumi za mchezaji, lakini mchezaji mwenyewe hahesabiwi kuwa mtu wa nje. Mnaweza kumwahidi asilimia ya ada yake ya mauzo. Kijana anayeona kwamba akiuzwa na yeye anapata hana sababu kubwa ya kusubiri aondoke bure ili fedha ya kusaini yote iwe yake. Na hapa ndipo ushindani halisi ulipo: klabu inayompata bure huchukua sehemu ya ada ambayo ingelipa na kumpa yeye na wakala wake mkononi. Ofa yenu haishindani na mshahara wa huko tu, inashindana na bahasha hiyo.

Mezani, pelekeni ofa mbili, si tano. Ya kwanza ndefu, mshahara mkubwa, bila kipengele cha kuachiwa. Ya pili fupi kidogo, mshahara wa wastani, kipengele kipo. Atakayochagua inawaambia anachokifikiria kuliko maneno yake yote. Kila ofa iwe na siku ya kuisha, siku 21 zinatosha, na nakala imfikie mchezaji mwenyewe, si wakala peke yake, kwani zipo ofa zilizowahi kukaa kwenye simu ya wakala bila mwenye mguu kuziona. Akiwa hajatimiza umri, mzazi au mlezi awepo na asaini. Ada ya wakala ilipwe kwa awamu kwa kadiri mchezaji anavyoendelea kuwepo klabuni. Mkiilipa yote siku ya saini, mmempa sababu ya kumtafutia klabu nyingine mwakani.

Zungumzeni pia dakika za kucheza, kwa sababu kwa kijana hizo ndizo fedha zake za miaka mitano ijayo. Msiandike ahadi ya namba, kocha akibadilika mtashindwa kuitimiza. Andikeni mpango: kama hajafikisha mechi kadhaa kufikia dirisha la katikati ya msimu, anaweza kuomba mkopo, na klabu ya mkopo iwe inacheza mfumo unaofanana. Beki wa mabeki wanne akipelekwa kwa kocha wa mabeki watatu atarudi na tabia mtakazotumia nusu msimu kuzifuta.

Yapo mambo mawili yanayoharibu yote hayo. La kwanza ni kumsotesha jukwaani ili asaini. Kanuni zinasema wazi kwamba mwenendo wa unyanyasaji unaolenga kumlazimisha mwenzako avunje au abadilishe mkataba unampa haki ya kuuvunja kwa sababu halali. Kumtoa mazoezini na kumwacha akimbie peke yake na timu ya vijana ni kumwandikia ushahidi. La pili ni malimbikizo. Klabu ikikosa kulipa mishahara ya miezi miwili bila haki, mchezaji anaweza kuipa notisi ya maandishi ya siku 15, na isipolipa anaondoka huru akiwa na madai mkononi. Kupeleka ofa ya mkataba mnono kwa mtu unayemdai uvumilivu wa miezi miwili ni kichekesho, na hakimchekeshi yeye.

Kumbakiza mwaka wa mwisho bila saini si upumbavu kila mara. Liverpool walimbakiza Trent Alexander-Arnold msimu wa 2024/25, wakatwaa ubingwa wa ligi naye, na Real Madrid wakalipa kiasi kidogo ili wampate kabla ya tarehe 30 Juni kwa ajili ya Kombe la Dunia la Klabu. Bayern walifika hadi Februari 2025, Alphonso Davies akiwa ameshapita tarehe ya kuwa huru kuzungumza na wengine, ndipo akasaini hadi 2030. Yeyote anayesubiri kiasi hicho ajue anacheza kamari, tena kwenye meza ambayo mwenzake ndiye mwenye karata.

Na ikishakuwa dhahiri kwamba anaondoka, kazi haijaisha. Akisajiliwa na klabu ya nchi nyingine kabla ya kumalizika mwaka wa kalenda anaotimiza miaka 23, klabu iliyomlea ina haki ya fidia ya mafunzo kwa miaka aliyokuwa nayo hadi mwaka aliotimiza miaka 21. Kwa klabu za kundi la kwanza la UEFA (makundi ya gharama za mafunzo, si madaraja ya ligi) kiwango ni euro 90,000 kwa mwaka, kwa zile za kundi la pili la CAF dola 30,000. Si ada ya uhamisho, lakini inalipa mshahara wa makocha wa vijana. Kwa uhamisho kati ya klabu za Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi kuna mtego: klabu isiyompa mchezaji ofa ya mkataba hupoteza fidia hiyo, isipokuwa ithibitishe kwamba inastahili. Ofa iwe ya maandishi, angalau siku 60 kabla mkataba wa sasa haujaisha, na isiwe na thamani ndogo kuliko ule wa sasa. Kwa mkataba unaoisha 30 Juni, barua iwe imemfikia kabla ya 1 Mei, risiti ya posta iwekwe kwenye faili, hata kama siku hiyo hiyo magazeti yote yana picha yake ameshika jezi ya wengine.

Msomaji wenu,
Mfuatiliaji wa mikataba ya soka